Mzee Asiyevumilia Kosa

Donatien alikiri tena kwamba ameua, na Inspekta Bibiane hakumwamini tena.

"Andika tu, maman," Donatien alisema. "Ni mimi. Ni mimi nilimuua maman Marie-Hélène."

"Ulimuua namna gani?"

"Sikurudia."

Kamishna Robbe, aliyesimama mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi, alitaka atafsiriwe. Bibiane akamwambia kwa Kifaransa: anasema hakurudi. Robbe akatabasamu kama mtu aliyeletewa mboga imekwisha kuungwa. Alikuwa kijana Mbelgiji wa Kiflemi aliyependa kesi ziishe kabla ya chakula cha mchana, na Bibiane, mzaliwa wa Bukavu aliyekulia Ixelles, alikuwa amewavumilia makamishna wengi wa aina hiyo. Wanakuja, wanapanda cheo, wanaondoka, na majalada wanayoyafunga haraka hurudi baadaye mezani kwake yananuka.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Marie-Hélène, bibi wa Kibelgiji aliyewahi kufundisha shule Bukavu, alikutwa amekufa bafuni kwake, mtaa wa Saint-Gilles. Mtambo wa gesi wa kupasha maji ulikuwa ukiwaka, na tundu la hewa ukutani lilikuwa limezibwa kwa utepe wa gundi. Gesi ya sumu isiyo na harufu ikamaliza kazi. Aliyepiga simu ni mumewe, mzee Staf. Donatien ndiye aliyekuwa akimhudumia bibi huyo nyumbani, kazi aliyoipata baada ya kile kiwanda cha magari cha mtaa wa Forest kufungwa. Kiwandani alikuwa mkaguzi wa milango, na wakubwa walimsifu kwa sababu hakuna mlango aliouamini mpaka aufungue na kuufunga mpaka wenzake wacheke. Siku ya pili baada ya kifo alikuja polisi kwa miguu yake, akanyoosha mikono afungwe pingu.

Kisha akatokea mchungaji Bienaimé wa chumba kimoja cha maombi kule Ixelles, viatu vinang'aa kuliko imani yake. Akaeleza kwamba wiki kadhaa kabla ya kifo, saa ya ushuhuda, Donatien alisimama mbele ya waumini wote akilia, akasema amekwisha kumuua yule bibi moyoni. Anaona picha anamzamisha kwenye maji ya kuoga. Anaona mikono yake mwenyewe ikimsukuma. Katika chumba kile watu wa Kivu hutubu kila kitu kwa sauti, wazo sawasawa na tendo, kwa kuwa wamefundishwa kwamba aliyetamani ametenda. Mchungaji alimwekea mikono, akamfungisha chakula, akamfukuza pepo. Pepo hakutoka. Bibi alipokufa, mtumishi wa Mungu alikimbilia polisi ili jina la kanisa lake lisiguswe, na kondoo akamwacha kwa fisi.

"Mtu anasema ataua, bibi anakufa, mtu anakiri," Robbe alisema. "Unataka nini zaidi? Picha ya harusi?"

"Hakusema ataua. Alisema anaogopa kuua, akawaomba wamwombee. Mtu anayepanga kuua hatangazii kanisa zima."

"Ni mwendawazimu, Bibiane. Anaosha mikono hadi inatoka damu."

"Ndiyo maana naiangalia hiyo mikono. Wewe umeiangalia?"

Robbe hakuwa ameiangalia. Ilikuwa mikono iliyopasuka kwa sabuni na dawa, na ncha za vidole zilifungwa plasta. Bibiane aliweka mezani picha ya tundu la hewa. Utepe ulikuwa umepigwa sambamba na mistari ya vigae, pembe zimekatwa mraba, hakuna kunyanzi wala povu la hewa. Akampa Donatien mkasi na utepe wa aina ileile, akamwambia aubandike vivyo hivyo kwenye karatasi iliyokuwa mezani.

Kilichofuata kilikuwa cha kusikitisha. Utepe ulinasa kwenye plasta, ukajikunja, Donatien akaubandua akaanza upya, akautazama, akaubandua tena. Bibiane akamnyang'anya kabla vidole havijaanza kuvuja damu. Karatasi ilionekana imetafunwa na panya.

"Anaigiza," Robbe alisema.

"Basi igiza na wewe tuone."

Mwanasheria aliyepewa Donatien na serikali aliinua macho kutoka kwenye simu yake, akaona hakuna jipya, akayarudisha. Bibiane akasogeza kiti karibu na mtuhumiwa na kupunguza sauti.

"Papa Donatien, ulikuwa unarudiaka kila siku?"

"Kila siku, maman. Natoka, nafika kwa arrêt ya tram, pale inasimamaka, roho inaniambia: Donatien, gaz. Narudia. Naangalia gaz, naangalia ile trou ya hewa. Papa Staf anafungaka, mi nafungulaka. Yeye anafunga tena. Anasema baridi inaingia, trou inaharibu mur, ukuta yake. Mi nafungula."

"Na ile siku?"

"Ile siku nilifungula, nikatoka. Docteur ya ugonjwa yangu ya wasiwasi alikuwa amenipatia devoir, kazi ya kufanya. Donc, nitoke mara moja, nisirudie, hata roho ilie namna gani. Alors nilipanda tram. Nililia mu tram kama mutoto, bantu banaangalia. Lakini sikurudia." Akavuta plasta ya kidole. "Kisha nikakuwa content, na furaha, maman. Nilifika nyumba, nikamwambia muke yangu, nimeshinda. Nilikuwa content, na maman Marie-Hélène alikuwa anakufa."

Robbe alitazama saa. Hakimu wa uchunguzi alikuwa ameandaa hati ya kumweka Donatien ndani, na angeitia sahihi jioni ileile. Mtu kama Donatien, kwenye gereza ambako watu hulala wawili wawili karibu na choo kisichofungwa mlango, asingefika Krismasi. Bibiane aliliona hilo waziwazi, na likamkasirisha kuliko alivyotaka.

Daktari Christiane, aliyekuwa akimtibu Donatien ugonjwa wa wasiwasi, alikuwa akingoja ukumbini, skafu ya hariri shingoni, macho mekundu. Donatien alikuwa amekubali azungumze na polisi.

"Ulimwambia asirudi," Bibiane alisema bila salamu.

"Ndiyo tiba yenyewe, Inspekta. Akirudi kukagua, hofu inanenepa. Asiporudi, inakonda. Ningejuaje kwamba katika nyumba ile kuna mtu anaziba tundu kwa makusudi?"

"Ungeuliza."

Bibiane hakumhurumia. Ana vyeti ukutani na kochi la ngozi, na swali la mpishi yeyote, kwamba moshi unatokea wapi, halikumjia kichwani.

"Anaweza kuwa ameua na hajui?"

"Hapana. Hizo picha zinazomjia ni kinyume cha anachotaka. Zinamtesa kwa sababu anampenda yule bibi. Mwenye ugonjwa huu haamini macho yake, haamini mikono yake. Mpe muda wa kutosha atakiri kifo cha babu yako pia."

"Na mtu ambaye kila kitu lazima kinyooke? Kijiko, kiti, pazia, saa ya kula? Naye ni ugonjwa huohuo?"

"Watu huvichanganya, hata madaktari. Na mtu mmoja anaweza kubeba vyote viwili. Lakini mwenye tabia hiyo, kama ni tabia iliyokomaa naye tangu ujana, haoni taabu yoyote. Kwa Donatien utaratibu ni bwana anayempiga fimbo. Kwa yule mwingine utaratibu ndiye yeye mwenyewe. Haji kwangu kamwe. Wanaokuja ni mkewe, watoto wake, makarani wake."

"Wanaua?"

"Wengi wao huua watu kwa kero tu. Na siwezi kumpima mtu nisiyemwona."

"Sijakuomba umpime," Bibiane alisema, akachukua koti.

Nyumba ya mzee Staf ilikuwa moja ya zile ndefu za zamani zilizokatwakatwa kuwa fleti, si mbali na stesheni ya Midi. Ghorofa yake peke yake haikukatwa. Bibiane alikwenda na Carine, mpelelezi mwenzake, binti wa Goma mwenye maneno machache, ambaye aliweka kinasa sauti mezani na kumsomea mzee haki zake zote. Staf alizisikiliza, akamsahihisha Carine tarehe, akasema wakili ni wa wahalifu.

Alikuwa mrefu, mkavu, suruali imepigwa pasi hadi mstari wake unakata. Nusu ya umri wake aliitumia kusimamia shamba la chai na kiwanda chake huko Kivu, na huko alijifunza Kiswahili kisichokuwa na tafadhali wala asante. Bibiane alimsemesha kwa Kifaransa. Yeye akajibu kwa Kiswahili hichohicho, ili kila mtu akae mahali pake.

"Usiburute kiti. Inua. Vile. Sasa sema, muko na nini? Yule mupumbavu ameshakiri, nilisikia."

Bibiane alimtazama. Tangu ziara ya kwanza alikuwa ameona kitu kimoja: mzee huyu angeweza kustahimili msiba, polisi na majirani, lakini asingestahimili kosa. Alimsahihisha mzimamoto namna ya kutamka jina la mtaa huku maiti ya mkewe ikipita mlangoni. Mtu anayezama hukamata unyasi. Huyu, Bibiane aliwaza, atauacha unyasi upite kama umepinda.

Akaamua kukosea.

"Papa, tuko namaliza tu," alisema, akibadili Kifaransa kwa lugha ya kwao. "Nitasoma vile nilielewa, wewe unasema kama iko sawa. Donc, utepe ule ulikuwa ya zamani. Wewe uliuweka wakati ya baridi. Donatien akautosha, akaubandua, kisha ile siku akaurudisha, yeye mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno ambayo Staf mwenyewe aliwaambia polisi siku ya kwanza. Ilitosha kuitikia kwa kichwa, na Donatien angelala gerezani.

"Ndiyo," Staf alisema.

"Na alirudisha muzuri sana. Nilishangaa. Muntu wa mikono mibovu vile, lakini kazi ilikuwa propre, safi kabisa, mustari droite, pembe zote sawa. Nitaandika alikuwa fundi wa kweli."

Kidole cha mzee kilisogeza kinasa sauti hadi ukingo wake ukawa sambamba na ukingo wa meza.

"Yule hawezi kukata utepe," alisema.

"Alikata, papa."

"Umesema ulikuwa ya zamani. Sasa unasema alikata. Chagua." Macho yake ya buluu yalijaa dharau. "Utepe ukishatoka unashika vumbi, haurudi tena propre. Muntu yeyote anajua. Ulikuwa mupya."

Bibiane akainama kama mwanafunzi aliyekaripiwa.

"Bon. Ulikuwa mupya. Donatien alikata utepe mupya."

"Na ciseaux gani, mukasi gani? Ciseaux iko mu bureau yangu, na funguo iko mu mufuko yangu. Yule mutu hagusi vitu vyangu. Anagusaka kitu mara mia, anakiachaka na chafu ya dawa yake. Iko na wazimu. Wewe huoni?"

Nyani haoni kundule, Bibiane aliwaza, tena huyu amelipiga pasi. Lakini uso wake ulibaki mtiifu.

"Donc ni wewe ulikata. Asubui mapema, mbele Donatien afike."

"Hapana. Kama ningefunga mbele afike, angefungula. Anafungulaka kila siku, kama panya. Nilingoja atoke."

"Ulingoja arudie pia? Banasema anarudiaka."

"Nilisimama kwa dirisha. Kila siku anarudia kutoka kwa tram. Ile siku tram ikaja, akapanda. Kwa mara ya kwanza yule mutu akafanya kitu sawa." Staf alionekana kuridhika kweli. "Nikajua leo trou itabaki fungwa."

Bibiane aliificha chuki yake, akakosea tena.

"Na maman alikuwa akilala mu chambre."

"Alikuwa mu bain, anaoga. Andika sawa."

"Non, papa. Kama alikuwa mu bain, ungelimwona."

"Trou iko upande wa couloir, mu korido! Umeingia mu nyumba hii mara ngapi, na hujui trou iko wapi? Nilifunga kwa couloir. Maji yalikuwa yanaenda, nilisikia."

"Hukujua kama ile gaz inaua."

"Mimi?" Mzee alisimama nusu kwa hasira. "Miye niliongoza usine, kiwanda muzima! Technicien alikuja hapa, akaniambia, monsieur, hii trou ukifunga ni kifo. Nilimujibu, mu nyumba hii bain ni dix minutes, dakika kumi. Dix minutes haiui muntu. Ni yeye alipitisha. Kila mara alikuwa anapitisha. Miaka yote nilimufundisha, hakushika."

"Bon. Alipitisha, akalala polepole, hakusikia kitu. Hakuita."

Safari hii Staf alisita. Bibiane aliona mzee akifika ukingoni, akaona pia kwamba kilichokuwa mbele yake hakikuwa hofu. Alikuwa akipima tu usahihi.

"Aligonga mur," alisema.

"Mara moja, labda."

"Si mara moja. Aligonga, akaniita jina, akagonga tena. Unaandika vibaya, wewe. Nani alikufundisha kazi?"

"Na wewe uliitika?"

"Mu nyumba hii hatuitanaka kutoka chumba mpaka chumba. Tuko bantu, si kuku. Mwenye neno anatoka, anakuja, anasema. Yeye alijua. Nilingoja atoke." Akakaa, akanyoosha mkunjo wa suruali gotini. "Sasa iko sawa. Soma tena tuone kama hukukosea."

Bibiane hakusoma. Aliinuka, akaburuta kiti sakafuni kwa mlio mrefu hadi ukutani.

"Simama, papa. Umemuua bibi yako, na ulitaka muntu mwingine afungwe."

"Mimi nilifunga trou ya nyumba yangu," Staf alisema, na mshangao wake haukuwa wa kuigiza. "Yeye hakutii."

Njiani kwenda kwenye gari alimkosoa Carine namna ya kushika pingu. Carine, ambaye hakuwa amesema neno tangu asome zile haki, alimwambia afunge mdomo, kwa Kiswahili safi, na bila tafadhali.

Kituoni, Robbe alisikiliza ukumbini huku Bibiane akimfasiria kinasa sauti sentensi baada ya sentensi. Alipomaliza, kamishna alisema kwamba yeye alikuwa na wasiwasi na mzee huyo tangu mwanzo, akaenda kumpigia hakimu simu ili aseme hivyo pia. Bibiane alimwacha aende. Debe tupu lina kazi yake, angalau hupeleka habari mbali.

Donatien alikuwa amekaa palepale, mikono mapajani. Bibiane alimweleza nani aliziba tundu, na lini. Hakumweleza zaidi.

"Unaenda nyumba, papa. Imeisha."

"Una hakika, maman?"

"Nina hakika."

"Una hakika kabisa? Labda nilifunga, nikasahau. Labda nilitaka..."

"Mwenyewe amekubali. Iko mu machine, na sauti yake."

Donatien aliinamisha kichwa. Mwanasheria alikuwa amekwisha kwenda. Ilionekana neno fulani linamtafuta mdomoni, na Bibiane alijua ni lipi kabla halijatoka.

"Na kama ningerudia? Kama ningeshuka tu mu tram, nirudie kama siku zote?"

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, akamtikisia Bibiane kichwa: asimjibu. Mchungaji, kama angekuwapo, angekuwa na aya ya Biblia. Mwanasheria angesema sheria haiulizi hivyo. Wote wangemdanganya kwa namna iliyowafaa wao, na Bibiane alikuwa amechoka na watu hao siku nzima.

"Ungemukuta muzima," alisema.

Christiane aliziba mdomo kwa mkono. Donatien hakutikisika.

"Lakini sikiliza na ingine," Bibiane alisema. "Muntu alikuwa mule ndani. Maman alimugongea ukuta, alimuita jina. Alisikia, akakaa. Wewe ulikuwa mbali, ungerudia kwa sababu ya roho yako tu. Yeye alisikia kwa masikio."

"Alikuwa anagonga?"

"Ndiyo."

Bibiane alingoja swali lirudi. Alikuwa amelisikia siku nzima, una hakika, una hakika, na alijiandaa kulijibu tena. Halikuja. Donatien alimtazama kwa muda mrefu, macho yakiwa makavu, kama mtu aliyepewa hatimaye mlango uliofungwa kweli.

"Alikuwa anaogopaka kuwa peke yake mu bain," alisema taratibu. "Alikuwa ananiambiaka niimbe kwa couloir, ajue kama niko."

Kisha akafunika uso kwa ile mikono yenye plasta, na kwa mara ya kwanza tangu ajilete polisi aliacha kujililia mwenyewe, akamlilia marehemu.